Hotuba ya Sabuni

Tangazo rasmi! Ndugu wananchi, wake kwa waume, wazee kwa vijana, popote mlipo, acheni mnachokifanya mnisikilize. Yafuatayo ni maelezo kamili, ya kweli na yasiyotiwa chumvi, kuhusu siku ambayo mtaa wetu uliungana. Simameni wima. Vueni kofia.

Haya, kaeni. Uliungana kwa muda wa kuchemsha maharage tu, na hata hayo maharage yangetoka magumu.

Mimi ninayetangaza nilikuwa nyumbani wakati wenzangu wako shule, na sababu yake ni hii. Shule yetu ya bweni ina kipaza sauti ofisini. Asubuhi moja, mkuu wa shule akiwa anakunywa chai, sauti yake ilisikika uwanja mzima ikitangaza kwamba kutokana na uhaba wa maji shule imefungwa, na kila mwanafunzi aondoke kwa nidhamu. Shule nzima ilikuwa getini na masanduku kabla yeye hajameza tonge la mkate. Sauti ilikuwa yake, mdomo ulikuwa wangu. Nikapewa muda wa kukaa nyumbani nijitafakari. Nilijitafakari njiani, nikawa nimemaliza kabla sijafika.

Bwenini waliniita Kasuku, na jina likanifuata mpaka nyumbani. Naweza kuiga mtu yeyote nikimsikia mara mbili. Lakini sauti niliyoipenda kuliko zote ni ya Kiongozi, yule wa kwanza wa nchi yetu, aliyekufa kabla mama yangu hajaolewa. Redio hupiga vipande vya hotuba zake kabla ya taarifa ya habari. Alikuwa anasema "ndugu zangu" mara mbili, anakohoa, halafu anakaa kimya mpaka unadhani redio imeisha betri. Ukipata kile kikohozi, umempata mwenyewe.

Mtaa niliourudia haukuwa ule niliouaga. Uchaguzi ulikuwa umepita. Nusu ya juu ya mtaa walikuwa watu wa Ngazi, nusu ya chini, yaani sisi, watu wa Kikapu. Hizo zilikuwa alama za vyama tu, zimechapishwa kwenye karatasi ya kura ili hata asiyejua kusoma asipotee. Sasa kila mtu alikuwa amepotea. Wanawake wa juu walitoka sokoni na nyanya ndani ya ndoo, maana kubeba kikapu ilikuwa usaliti. Huku chini fundi rangi wetu alificha ngazi yake chini ya kitanda, akawa anapaka kuta mpaka pale mkono wake ulipofika. Nyumba zote alizozifanyia kazi msimu ule zilikuwa na rangi mpya chini na ukungu wa zamani juu, kama mtu aliyevaa suruali akasahau shati.

Nilicheka sana nilipoziona. Halafu nikafika kwenye mawe.

Yalikuwa yamepangwa kukata barabara kuanzia kibanda cha ushonaji cha mama yangu hadi ukuta wa upande wa pili, mawe na matairi yaliyoungua nusu. Siku matokeo yalipotangazwa, jiwe moja lilirushwa kutoka upande wetu likampiga kichwani kijana fundi baiskeli, mtoto wa mwisho wa Mzee Tumba. Hakuamka. Aliyelirusha hajulikani, maana yake kila mtu anamjua na kila mtu ananyamaza. Fundi huyo ndiye aliyenishikia baiskeli kwa nyuma nilipokuwa najifunza, akaniachia bila kuniambia.

Mzee Tumba alikuwa mpiga ngoma wa Bendi ya Kiwanda, na babu yangu alikuwa mpiga tarumbeta. Wengine wote wa bendi walishakufa. Kiwanda chenyewe cha sabuni, kule mwisho wa mtaa, kimebaki mabati yenye kutu. Wazee hawa wawili walikuwa wamekaa benchi moja tangu kabla ya nchi kuwa na bendera.

Siku ya maziko Babu alivaa koti lake jeusi, akatembea mpaka kwenye mawe. Vijana wa upande wetu wakamwambia, "Babu, ukivuka huko, usirudi huku." Alisimama. Akatazama upande wa pili, ambako Mzee Tumba alikuwa mlangoni akipokea watu. Halafu akageuka. Mama ndiye aliyenisimulia, akiwa na pini mdomoni, na hakuitoa ili asilazimike kusema zaidi.

Tangu hapo Babu alikuwa anataka kitu kimoja tu duniani: Mzee Tumba amsalimie. Kila asubuhi alipeleka kiti chake karibu na mawe, akakaa. Mzee Tumba akipita upande wake, Babu ananyanyuka nusu. Mzee Tumba anapita kama anapita mbele ya mti. Babu anakaa tena.

"Babu, kwa nini usivuke tu umwambie?" nilimuuliza.

"Nimwambie nini?"

"Pole."

"Pole ina siku yake, mjukuu wangu. Siku yake niliigeuzia mgongo."

Mchana alijifungia chumba cha uani, nyuma ya cherehani ya Mama, akapiga tarumbeta. Sikuzote wimbo mmoja, ule wa bendi. Tarumbeta inauliza, ngoma inajibu, tarumbeta inauliza tena, ngoma inajibu, halafu watu wote wanapiga makofi. Babu aliuliza, akatulia muda wote ambao ngoma ingejibu, akauliza tena, akatulia. Nilidhani anatafuta pumzi.

Sasa ni lazima niwaeleze kuhusu hotuba iliyopotea. Zamani wachemshaji sabuni na wafungaji sabuni waligombana, wakakataa kuingia kiwandani pamoja. Kiongozi mwenyewe akaja. Bendi ikapiga, akahutubia juu ya lori, na kesho yake watu wakarudi kazini bega kwa bega. Hotuba ilirekodiwa na kanda ikapotea. Kila mzee mtaani aliikumbuka vizuri kabisa, na hapakuwa na wawili walioikumbuka sawa. Mmoja alisema Kiongozi alilia. Mwingine alisema alitukana. Bibi muuza mkaa aliapa kwamba hakusema lolote, alicheza muziki tu akapanda gari akaenda zake.

Hapo ndipo shetani wangu alipoamka, akajinyoosha, akapiga mswaki.

Naomba hili lieleweke: sikukusudia kuleta umoja. Nilikusudia kucheka. Niliona akilini wazee wakitoa leso na kutikisa vichwa, na mimi nikirudi bwenini na kisa cha kuwavunja wenzangu mbavu mpaka mitihani. Basi nikamrekodi Babu kwa simu kupitia dirisha la chumba cha uani. Hotuba nikaitoa bafuni, kwa sababu bafu letu lina mwangwi kama uwanja wa mpira. Mjomba, ambaye ni fundi redio na mkodishaji wa spika, alipotoka kwenda kufunga vyombo kwenye harusi, niliingia karakana yake, nikaunganisha vipande, nikavihamishia kwenye kanda ya zamani, nikaipaka vumbi la mezani kwake. Kisha nikaiingiza ndani ya amplifaya mbovu iliyotoka kiwandani, nikasubiri aifungue.

"Mjomba, hii nini huku ndani?"

Aliisikiliza mara moja, peke yake, sikio likiwa juu ya spika. Alipoinua uso nilikaribia kumwambia. Alikuwa ameishika ile kanda kama mtu aliyepewa kichanga.

"Kasuku," alisema, "usiiguse. Hata usiipumulie."

Mjomba ana spika nne za pembe juu ya paa. Vyama vyote viwili vilizikodi wakati wa kampeni, kwa hiyo zilikuwa zimemtukana kila mtu wa mtaa ule, kwa zamu, bila upendeleo. Alasiri hiyo zilikwaruza, zikakohoa, na tarumbeta ikauliza.

Babu alikuwa kwenye kiti chake karibu na mawe. Nilimwona akiinua kichwa. Hakutazama juu kwenye spika kama watu wengine. Alinitazama mimi.

Tarumbeta ikanyamaza. Ukaja ule utulivu. Na kutoka upande wa pili wa mawe, kutoka mlango ambao haukuwa umefunguliwa vizuri tangu msiba, ngoma ikajibu.

Haikuwa ngoma, lilikuwa dumu la maji. Mzee Tumba alikuwa amelipakata, na mikono yake ilikuwa imejibu kabla yeye mwenyewe hajaamua. Tarumbeta ikauliza tena. Dumu likajibu tena, kwa nguvu zaidi. Halafu makofi, juu na chini ya mtaa. Wamama waliweka ndoo chini ili wapige makofi. Kisha ile sauti:

"Ndugu zangu... ndugu zangu." Kikohozi. Kimya. Mtoto alilia mahali fulani, akazibwa mdomo. "Nimeambiwa wachemshaji hawataki kukaa na wafungaji. Sawa. Nina swali moja tu. Hii sabuni yenu, imewahi kumuuliza mtu anatoka upande gani wa barabara? Haijawahi. Inampaka povu tu. Na mtu mwenye povu machoni, ndugu zangu, hamtafuti adui yake. Anatafuta maji. Na yule anayempa maji, hamwoni sura."

Nilipoyatunga hayo bafuni nilicheka mpaka nikajigonga kwenye bomba. Sasa nilikuwa nimesimama mlangoni kwa Mjomba na hakuna aliyecheka. Bibi muuza mkaa, yule aliyeapa kwamba Kiongozi alicheza tu, alikuwa anasema, "Ndiyo, ndiyo, hivyohivyo. Maji. Alisema maji." Machozi yalikuwa yanachora njia kwenye masizi ya mashavu yake.

Jiwe la kwanza lilitolewa na fundi rangi. Sikuona la pili, maana watu walikuwa wengi. Mwanamke mmoja wa juu aliingia ndani akatoka na kikapu, kikapu halisi, kikuukuu, kina nyanya, akakishusha katikati ya barabara kama anaweka shada. Fundi rangi akakimbia nyumbani kwake, akarudi amebeba ngazi begani.

"Ilikuwa wapi hiyo?" mtu akamuuliza.

"Chini ya kitanda. Mke wangu amelala kama yuko juu ya reli msimu mzima."

Watu walicheka kwa namna ambayo sijaisikia tena.

Mzee Tumba alivuka akiwa na ngoma yake ya kweli mkononi. Babu alinyanyuka nusu, kama kawaida yake, akabaki hivyo, magoti yakitetemeka.

"Kaa," Mzee Tumba alisema. "Utaanguka."

"Sijambo."

"Umezeeka."

"Na wewe je?"

Wakakaa kwenye benchi la wateja mbele ya kibanda cha Mama. Halafu Mzee Tumba akasema, huku anaitazama ngoma, "Nililiona koti lako likigeuka."

"Najua."

"Nikasema labda amesahau kitu nyumbani, atarudi."

Mzee Tumba akamgonga goti kwa vidole viwili, kama anavyojaribu ngozi ya ngoma kabla ya kuanza. Hicho ndicho Babu alichokuwa akikingoja kila asubuhi, na nilikuwa nimekileta mimi. Nakiri kwamba wakati ule nilijiona rais. Nilipanga baraza la mawaziri kichwani.

"Rudia!" mtu akapaza sauti. "Fundi, rudia hotuba!"

"Rudia! Rudia!"

Mjomba akanigeukia. "Irudishe mwanzo, Kasuku. Polepole."

Ningeweza kusema kanda imekatika. Kanda hukatika. Sikusema, kwa sababu nilitaka kusikia tena jinsi nilivyo hodari. Nikairudisha.

Tarumbeta ikauliza. Watu walimtazama Mzee Tumba wakitabasamu, wakimngoja ajibu kwa ngoma halisi. Alikuwa ameinua mikono. Hakuishusha. Aliinamisha kichwa upande mmoja, akasikiliza ule utulivu, mpaka mwisho wake. Tarumbeta ikauliza mara ya pili. Akasikiliza tena. Safari hii, kwa kuwa mtaa mzima ulikuwa kimya, kilichokuwa ndani ya utulivu kikasikika: ta-ta-ta-ta-kwi, ta-ta-ta-ta-kwi. Cherehani. Cherehani ya Mama, na ule mlio wa kukwaruza ilioanza nao tangu abadilishe mkanda.

Mama alikuwa nyuma ya cherehani hiyo hiyo, futi ya kupimia shingoni.

"Zima," alisema Mzee Tumba.

Mjomba akazima.

"Siku ile nilikuwepo," Mzee Tumba alisema. Hakusema kwa sauti kubwa. "Nilisimama kushoto kwa lori. Nilipiga mpaka ngozi ikapasuka. Nataka kuuliza: kwenye kanda hiyo, mimi niko wapi?"

Akamgeukia Babu.

"Hiyo ni pumzi yako ya sasa. Meno yako ya zamani hayakuwa yanavujisha hewa. Ulijua?"

Hapa Babu angeweza kudanganya. Mimi ningedanganya bila hata kubadilisha mguu.

"Nilijua," Babu alisema. "Tangu sauti ya kwanza."

"Ukanyamaza."

"Ulikuwa umeanza kuvuka. Ningesema nini?"

Mzee Tumba aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayepewa maelekezo ya njia. "Mtoto wangu hukuja kumzika," alisema. "Lakini umepata muda wa kumfufua marehemu mwingine anibembeleze."

"Tumba, sikuitengeneza mimi."

"Nani basi?"

Babu hakusema. Hakunitazama hata. Angekaa hivyo mpaka kiama, akabeba zigo langu kwenye magoti yale mabovu.

"Ni Kikapu!" sauti ikatoka juu. "Wametumwa na chama!"

"Chama kipi? Nyinyi ndio mnaojua kuiba, mmeiba mpaka kura!"

Yule mwanamke akakiokota kikapu chake. Nyanya moja ilidondoka, hakuifuata.

"Kasuku," Mama aliita. Alilitumia jina hilo kwa mara ya kwanza. Siku zote aliniita mwanangu. "Njoo hapa katikati."

Nikaenda. Futi ilikuwa bado shingoni kwake, na mkono wake ulikuwa juu ya gurudumu la cherehani, ameushika usizunguke.

"Mkuu wa shule alinieleza kwenye simu ulichofukuziwa," alisema. "Nikasema ni utoto. Waambie hawa."

"Ni mimi," nikasema. "Mimi ndiye niliyetengeneza. Babu hakujua mpaka ilipopigwa. Nilimrekodi dirishani. Ilikuwa mzaha."

Kijana mmoja wa juu alicheka kwa pua. "Katoto haka? Wanamsukuma mtoto mbele ili wazee wapone."

"Nasema kweli! Mzee Tumba, zile nafasi sikuziweka mimi. Babu anapiga hivyo kila siku. Anauliza, halafu anakungoja. Anakuachia nafasi yako."

Mzee Tumba alikuwa ameshasimama, ngoma kwapani. Sijui kama alinisikia. Nadhani alinisikia.

"Kama ni wewe," yule kijana alisema, "iseme hiyo hotuba. Hapa. Bila mashine."

Mtaa wote ukanitazama. Babu alitikisa kichwa, kidogo sana, kuniambia nisifanye. Lakini nisipoisema, yeye ndiye angebaki mwongo. Nikaivuta ile sauti kutoka chini ya tumbo, mahali inapokaa, na ikaja bila taabu, kama inavyokuja siku zote.

"Ndugu zangu... ndugu zangu."

Nikakohoa. Kikohozi kilikuwa kizuri kuliko cha bafuni.

Bibi muuza mkaa alijifunika uso kwa khanga. Nikawaambia habari za wachemshaji na wafungaji. Mzee Tumba akageuka, akaanza kupanda. Nilipofika kwenye sabuni, fundi rangi aliinua ngazi yake begani, akaelekea nyumbani akitazama chini. Kwenye povu nikasikia jiwe likiwekwa juu ya jiwe nyuma yangu, na sikutaka kujua ni la upande gani. Babu alibaki kwenye benchi, amenyanyuka nusu, anaitazama ile ngoma ikienda.

Nikaendelea mpaka kwenye maji, mpaka kwenye sura isiyoonekana, maneno yote, maana hakuna mtu aliyeniambia ninyamaze.